Kwa Nini Mkanda wa Kiti cha Nne Ulijisokota

Gari lilirudi karakana siku ya nne baada ya kukabidhiwa, likiwa bado limevaa vumbi la Ngorongoro hadi kwenye kingo za vioo, na dereva wake hakulalamikia injini wala springi wala paa la kunyanyuka, mambo ambayo ndiyo tuliyokuwa tumeyahofia. Alifungua mlango wa nyuma, akaushika mkanda wa kiti cha nne, akauvuta na kunionyesha. Utepe wenye upana wa karibu milimita 48, ambao niliufunga mwenyewe ukiwa bapa kama ukili wa mkeka, ulikuwa umejisokota begani ukawa kama kamba ya ndoo ya kisimani.

"Mgeni wangu amekaa hapa siku tatu, fundi," akaniambia, "na shingo yake ina mstari mwekundu. Mimi nilimwambia anavaa vibaya. Jana nikakaa mwenyewe, ukanifanyia vilevile."

Nafanya kazi Arusha, katika karakana inayogeuza Land Cruiser kuwa magari ya kubebea watalii. Wasomaji wa kaskazini wanayajua magari haya: mwili hukatwa na kurefushwa, paa hufanywa la kunyanyuka ili wageni wasimame na kutazama wanyama, na viti vya kiwandani huondolewa ili kupisha viti vya mtu mmoja mmoja, kila kimoja na dirisha lake. Ukishalirefusha gari, vitu ambavyo kiwanda kilikuwa kimevipangia mahali pake hukosa mahali. Nguzo za ubavuni hubaki zilipo, au huongezwa pale chuma kinapohitaji nguvu na si pale bega la abiria linapoangukia, na hivyo mkanda hulazimika kusafiri kutoka kwenye nguzo iliyo nyuma mno au juu mno kabla ya kuufikia mwili wa mtu. Hilo ndilo lililotupata. Ninaliandika kwa urefu kwa sababu katika miezi iliyofuata niligundua kwamba karibu kila mtu, nikiwemo mimi, huamini kuwa mkanda hujisokota kwa uzembe wa anayeuvaa. Kwa niliyoyaona, mvaaji anasingiziwa. Msokoto hutengenezwa mahali mkanda unapopinda, na mahali hapo huchorwa na watu wa kazi yangu.

Mama yeyote aliyewahi kubeba mtoto kwa kanga anajua bila kufundishwa kwa nini jambo hili si dogo. Anapofunga mbeleko, kwanza huitandaza mgongoni na chini ya makalio ya mtoto, na akihisi imejikunja begani huingiza vidole akaifungua, kwa maana uzito uleule unaokaa vyema juu ya kitambaa kilichotandazwa hukata nyama kitambaa kikigeuka kamba. Mkanda wa gari ni hesabu hiyohiyo kwa kani kubwa zaidi. Katika mgongano wa mbele, mikanda ya kisasa yenye kifaa cha kupunguza mkazo huuzuia mwili kwa kilonyutoni 4 hivi hadi 6 begani, sawa na kuuning'inizia utepe ule mzigo wa kilo 400 hadi 600. Utepe wa milimita 48 ukijikunja hadi ukabaki na milimita 16, eneo linaloshika mwili hubaki theluthi moja na shinikizo huwa mara tatu, juu ya mbavu na mtulinga zilezile.

Kanuni Namba 16 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu mikanda ya magari, inalisema jambo hili waziwazi: utepe uwe wa namna ambayo shinikizo lake juu ya mwili litagawanyika sawasawa iwezekanavyo katika upana wake, na usijisokote hata ukiwa umekazwa. Kanuni hiyo hudai pia upana usiopungua milimita 46 wakati utepe umevutwa kwa nyutoni 9,800, na nguvu ya kukatika isiyopungua nyutoni 14,700. Utepe tuliokuwa tumeununua ulikuwa na muhuri wa kanuni hiyo na ulistahili kuwa nao. Sikuuona mwanzoni mpaka wa maneno yale, kwamba yanausema utepe wenyewe. Ukishaupitisha kwenye tundu lililochorwa ovyo, muhuri hausaidii kitu.

Inafaa kuutazama utepe wenyewe kwa karibu kidogo. Ni kitambaa cha poliesta, unene wake ni zaidi kidogo ya milimita moja, na ukiuweka kwenye mwanga utaona mstari wa mapindo yanayokutana kama mifupa ya samaki. Nyuzi za mtande, zinazokwenda kwa urefu, ndizo zinazobeba mzigo wote. Nyuzi za mshindio, zinazokatiza kwa upana, hazibebi mzigo huo lakini zina kazi ambayo wengi hawaijui: huufanya utepe uwe mgumu kukunjika kwa upana. Ukikamata mkanda mpya kwa vidole viwili kingo kwa kingo na kujaribu kuukunja kama unavyokunja barua, utakataa na kuruka, ilhali ukiukunja kwa urefu wake hulegea kama kitambaa chochote. Ugumu huo ni kinga ya kwanza dhidi ya msokoto. Mkanda uliotumika kwa miaka mingi, ukafuliwa kwa sabuni kali au kutiwa dawa ya kung'arisha, huupoteza, na ndiyo maana mikanda ya baadhi ya magari ya mitumba hulala mapajani kama kitambaa cha kufutia vyombo.

Lakini utepe bapa una tabia ambayo ugumu wa mshindio hauwezi kuiondoa. Hupinda kwa urahisi kuelekea upande wa unene wake na hukataa kabisa kupinda kuelekea upande wa upana. Chukua kipande cha karatasi kirefu, upana wa vidole viwili, ukilaze mezani na ujaribu kukipindisha kushoto kama barabara inavyopinda, bila kukiinua. Hakipindi, ukingo wa ndani hufanya makunyanzi na ukingo wa nje huchanika. Kikitakiwa kubadili mwelekeo hakina budi kuzunguka kitu. Sasa chukua penseli, uilaze juu ya karatasi ikiwa imeinama kidogo, kisha uzungushe karatasi juu ya penseli irudi ilikotoka. Haitarudi pale pale, bali itatoka upande wa pili ikiwa imepinda, na pembe iliyopinda ni mara mbili ya pembe ambayo penseli ilikuwa imeinama. Penseli daima huigawa nusu kwa nusu pembe iliyo kati ya njia ya kuingia na njia ya kutoka. Ukiing'ang'aniza karatasi ielekee kwingine, itateleza kwa ubavu juu ya penseli mpaka ikutane na kidole chako, na hapo itajikusanya.

Katika gari, penseli ni ile pete iliyofungwa juu ya nguzo, karibu na bega. Utepe hupanda kutoka kwenye roda iliyo chini, yaani kigurudumu chenye springi kinachouvuta na kuuviringisha, huingia kwenye mwanya wa pete, hupinda, kisha hushuka kifuani kwa mshazari. Pete ikiwa imelala kwenye mstari unaogawa pembe hiyo nusu kwa nusu, utepe hupita katikati ya mwanya bila kugusa ncha. Ikiwa imepinda hata kidogo, sehemu ya mkazo husukuma utepe kwa ubavu, ukingo mmoja hufika mwisho wa mwanya, hupanda ukuta wake na kuanza kujikunja juu ya utepe uliobaki. Huo ndio mwanzo wa msokoto, na hutokea bila mkono wa mtu.

Kwa sababu abiria ni warefu na wafupi, wanene na wembamba, hakuna pembe moja inayowafaa wote, na ndiyo sababu pete nzuri haikazwi ikaganda bali huning'inia kwenye bolti yake na kujipanga yenyewe kufuata mkazo. Kati ya bolti na pete huwa na bushi ndogo na washa ya wimbi, ambazo fundi asiyejua huziona kama uchafu. Nimefungua magari mawili yaliyokuwa yamepakwa rangi upya mahali pengine na kukuta bushi hazipo. Bolti ilikuwa imekazwa kwa nguvu zote na pete imegandamana na nguzo kama iliyochomelewa. Mikanda yote miwili ilikuwa imekunjika upande wa mbele. Nikiwa hapo niseme na hili: bolti ya mkanda, hata katika gari la Kijapani ambalo kila kitu chake ni milimita, kwa kawaida ni ya inchi, saba kwa kumi na sita, yenye nyuzi 20 kwa inchi. Anayelazimisha bolti ya milimita kwenye tundu hilo anaharibu kitu ambacho hakitaonekana kimeharibika mpaka siku ya ajali.

Hapo zamani tatizo hili halikuwapo kwa kiwango hiki. Nils Bohlin, mhandisi Mswidi aliyewahi kushughulikia viti vya kuwarusha marubani nje ya ndege kabla ya kuajiriwa na Volvo, alipotoa mkanda wake wa ncha tatu mwaka 1959, ulikuwa mkanda wa kurekebishwa kwa mkono, usio na roda ya kujivuta. Ukishaupima mwili wako, ulikaa hivyo. Hata mimi nakumbuka mikanda ya namna hiyo kwa njia yangu: nilikuwa Nairobi mwezi Februari 2004 wakati kanuni za magari ya abiria zilizosimamiwa na Waziri wa Uchukuzi wa Kenya, John Michuki, zilipoanza kutekelezwa, na matatu zikajaa mikanda ya kiunoni ambayo mingi haikuwa na roda, ikilala sakafuni na kukanyagwa mpaka watu wakaona kinyaa kuifunga. Ilikuwa michafu, lakini haikuwa na pete ya kupita, na ilipojisokota uliinyoosha mara moja ikanyooka. Roda ndiyo iliyoleta raha ya mkanda unaojirudisha wenyewe, na roda hiyohiyo ndiyo inayoulazimisha utepe kupita kwenye mwanya kila mtu anapopanda na kila anaposhuka. Katika gari la watalii ni zaidi ya hapo, kwa kuwa mgeni hufungua mkanda kila simba anapoonekana.

Sasa turudi kwenye kiti cha nne. Nguzo yake ilikuwa sentimita 30 nyuma ya egemeo, juu ya bega la mtu wa kimo cha kawaida, na pete yenyewe ilikuwa nzuri, ya kununua, inayozunguka vizuri. Utepe ulitoka kwenye pete ukaenda mbele hewani, ukagusa pembe ya egemeo karibu na mto wa kichwa, na hapo ukapinda mara ya pili juu ya kitu ambacho hakikukusudiwa kupindia mkanda. Kitambaa cha kiti kilikuwa na mshono uliotokeza, na utepe uliushika mshono ule kwa ukingo mmoja. Nilihitaji kipitishio kidogo juu ya egemeo, cha kuuongoza utepe kutoka kwenye pete hadi begani.

Cha kwanza nilikipinda kwa nondo laini ya milimita 8, umbo la mstatili wenye pembe za mviringo, kikang'arishwa kikapendeza. Kilidumu asubuhi moja. Pembe zile za mviringo zilikuwa mtego: utepe ulipoteleza kidogo, ukingo wake ulipanda kwenye mviringo kama tairi linavyopanda ukingo wa barabara, na haukushuka tena.

Cha pili kilinipa somo ambalo bado linanichekesha. Nimekulia karibu na mashine ya kusaga, na nilijua kwamba puli ya mkanda bapa huchongwa ikiwa na kitumbo katikati, kwa kuwa mkanda hupanda wenyewe kuelekea palipoinuka na hivyo hauchomoki. Basi nikachonga plastiki ngumu ya asetali, nikaiacha na kitumbo cha milimita 2 katikati ya uso wa kutelezea, nikiamini utepe utajikalisha katikati kama ule wa mashine ya unga. Ulifanya kinyume. Kila nilipouvuta ulishuka kutoka kwenye kitumbo, safari hii kushoto, safari nyingine kulia, ukajibana mwishoni mwa mwanya. Ilinichukua jioni nzima kuelewa kwa nini. Puli inazunguka na kuukamata mkanda, na kule kukamata ndiko kunakoupandisha juu. Kipitishio kimesimama na utepe unateleza juu yake, kwa hiyo unafuata njia fupi kuliko zote, na njia fupi haipiti juu ya kilima. Umbo lilelile, kazi mbili zinazopingana.

Cha tatu ndicho kilichobaki. Uso wa kutelezea umenyooka kabisa kwa upana, na kwa mpindo wake una nusu kipenyo ya milimita 6 ili usiukate utepe. Mwanya una urefu wa milimita 52, yaani nafasi ya milimita 2 kila upande, na uwazi wa milimita 3. Uwazi huo niliupata kwa kujaribu. Kwa milimita 8, niliyoanza nayo nikidhani utepe ungependa nafasi, utepe uliojirudisha kwa kasi ulijikunja mara mbili na kumezwa hivyo hivyo. Kwa milimita 3 mkunjo haupati mahali pa kuzaliwa, kwa sababu utepe uliokunjwa hauwi na unene wa safu mbili tu, bali hufura pale unapopindia. Kwenye ncha mbili za mwanya nimepanua kidogo, ukiutazama unafanana na mfupa, ili ukingo wa utepe ukifika pale uukute ukuta wima na si mteremko wa kupanda. Na kipitishio chote kinazunguka kwenye pini, ili kijipange chenyewe kwenye ule mstari wa nusu kwa nusu.

Nilichagua asetali badala ya nailoni kwa sababu nailoni hunywa unyevu na kuvimba, na mwanya wa milimita 3 hauna akiba ya kuvimba.

Ni lazima nieleze kipitishio hiki si kitu gani, maana nimeshaulizwa na mafundi wawili kama ninaweza kuwachongea pete za nguzo. Siwezi na sitafanya. Pete ya nguzo hubeba mzigo wa ajali. Kanuni Namba 14, inayohusu sehemu za kufungia mikanda, hujaribu sehemu ya juu katika magari madogo kwa kani ya nyutoni 13,500, yaani zaidi ya uzito wa tani moja na robo, na hakuna plastiki ya mashine yangu ya kukereza inayostahili kusimama mbele ya namba hiyo. Kipitishio changu kinauongoza utepe siku za kawaida tu. Siku ya ajali kinaruhusiwa kuvunjika, na kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: kikivunjika, utepe utalegea kiasi gani? Utepe uliokuwa ukipita kwa kona utanyooka, na urefu uliookolewa utakuwa mlegeo unaomwachia abiria kwenda mbele kabla ya kushikwa. Nilikokotoa kwa vipimo vya kiti kile, sentimita 30 kutoka pete hadi kipitishio na sentimita 25 kutoka hapo hadi kifuani. Kipitishio kikiutoa utepe nje ya mstari wake wa asili kwa sentimita 4, mlegeo ni milimita 6 hivi. Kikiutoa kwa sentimita 8, mlegeo ni zaidi ya milimita 23. Umbali mara mbili, mlegeo mara nne. Kwa hiyo nilihamisha kiti kwanza, nikasogeza reli zake nyuma kadiri nafasi ilivyoruhusu, ndipo nikaweka kipitishio. Ningeanza na kiti tangu mwanzo, nondo ile ya kwanza isingekuwapo.

Jambo la vumbi lilijitokeza baada ya wiki sita. Mikanda iliyokuwa ikipita vizuri ilianza tena kulala kwa uvivu, ikiacha mkunjo mmoja karibu na pete, si kwenye kipitishio. Springi ya roda ni dhaifu kwa makusudi ili mkanda usimbane mtu kifuani. Kanuni Namba 16 hairuhusu mvuto wake kwenye mkanda wa begani uzidi nyutoni 7. Tuseme springi yetu inavuta kwa nyutoni 6. Utepe unaozunguka nusu mduara juu ya pete, kizigeu cha msuguano, yaani kipimo cha jinsi nyuso mbili zinavyokamatana, kikiwa 0.2, hubakiwa na mvuto wa nyutoni 3.2 upande wa abiria. Vumbi likichanganyika na jasho na mafuta ya kujipaka dhidi ya jua, ambayo wageni wetu hawayaonei huruma, likagandamana kwenye uso wa pete na kukifikisha kizigeu kwenye 0.4, mvuto unaobaki ni nyutoni 1.7. Kwa kani hiyo utepe haurudi ukiwa umenyooka, bali hujikokota ukiwa na mawimbi, na wimbi moja likifika mwanyani limelala upande limekwisha kuwa mkunjo. Dawa yake haikuwa ya uhandisi hata kidogo. Kitambaa, maji ya vuguvugu na sabuni laini, ndani ya mwanya wa pete, kila gari linaporudi. Dereva mmoja alipoona weusi uliotoka kwenye kitambaa aliniuliza kama nimefuta ekzosi.

Mahali pa pili msokoto unapoingilia ni ulimi, kile kipande cha chuma kinachoingia kwenye kifungio. Ulimi huteleza juu ya utepe, na mwanya wake ukiwa mpana utepe hujipindua ndani yake wakati mtu anaposhika ulimi uliogeuka na kuugeuza haraka ili uingie. Mikanda mizuri ina kifungo kidogo cha plastiki kilichobanwa kwenye utepe, ambacho huzuia ulimi usiteleze hadi sakafuni. Ulimi ukikaa kwenye usawa wa mkono, mtu huukamata ukiwa umeelekea upande sahihi. Kifungo kile kikikatika, ulimi hushuka chini, hugeukageuka katikati ya viatu na mikoba, na anayeuokota hana njia ya kujua ameugeuza mara ngapi. Nimeona mmiliki aliyeshonea kifungo cha shati mahali pake. Nilimwomba akitoe, kwa sababu sindano hukata nyuzi za mtande, lakini moyoni nilimpa heko, maana alikuwa ameelewa kazi ya kitu ambacho mafundi wengi hukitupa.

Kuna sheria moja ya misokoto ambayo natamani ningefundishwa mapema. Utepe una ncha mbili zilizofungwa, moja kwenye roda na nyingine kwenye bamba lililo sakafuni, na kati ya ncha hizo jumla ya misokoto haibadiliki hata ufanye nini. Ukiugeuza ulimi mzunguko mmoja, umeweka msokoto mmoja juu yake na msokoto wa kinyume chini yake. Vikijumlishwa ni sifuri. Kwa sababu hiyo, msokoto ulioingia kwa ulimi unaweza kutoka kwa ulimi: sogeza ulimi karibu na msokoto, kunja utepe kwa mshazari uwe kama pembe ya bahasha, pitisha mkunjo ule kwenye mwanya wa ulimi, kisha unyooshe. Inachukua nusu dakika na hakuna haja ya spana.

Miezi mitatu baadaye gari lile lilirudi kwa huduma, nami nikapita kiti kwa kiti nikivuta mikanda yote. Kiti cha nne kilikuwa safi. Mkanda wa kiti cha tano, ambao hakuna aliyewahi kuulalamikia, ulikuwa na nusu msokoto karibu na ulimi. Nikafanya ile pembe ya bahasha. Msokoto ukahamia juu ya ulimi. Nikarudia, ukashuka chini. Nikaupeleka begani, nikaupeleka pajani, ukawa unanikimbia tu kama kipovu chini ya karatasi ya gundi. Nilikaa pale kwenye kiti kwa muda, kisha nikainama na kunyanyua zulia. Bamba la chini lilikuwa limefungwa likitazama ukutani, wakati mengine yote matano yalikuwa yakitazama ndani. Kwenye daftari la kazi, mbele ya mstari wa kiti cha tano, palikuwa na sahihi yangu na saa, moja na nusu jioni, siku ya kukabidhi gari. Nikafungua bolti, nikaligeuza bamba, nikakaza upya kwa kipimo, na mkanda ukajirudisha hadi juu bila kugusa ncha yoyote ya mwanya.